Unaongeza RAM au SSD Nyumbani? Soma Hii Kabla Hujashika Bisibisi

Laptopu inachukua dakika tano kuwaka. Ukifungua picha za mzigo mpya uzihariri, feni inapiga kelele kama pikipiki iliyokatika ekzosi. Ukifungua jedwali la oda, mashine inaganda, na huku mteja kwenye WhatsApp anaandika "upo?" kwa mara ya tatu. Ukiuliza wenzako, wote wanakupa jibu moja: ongeza RAM, weka SSD.

Jibu ni sahihi. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, husoma data kwa kama megabaiti 100 hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inafika 500 na ushee. Kwa mashine ya mtumba, tofauti unaiona siku hiyohiyo. Na kazi yenyewe siyo ya maajabu: kwenye laptopu nyingi unafungua skrubu chache, unachomoa cha zamani, unachomeka kipya, unafunga.

Tatizo ni kwamba kazi ndogo ndiyo watu wanaifanya ovyo. Mtu anafungua mashine usiku, kachoka na oda, juu ya kitanda, kwa kisu cha jikoni, chaja ikiwa bado imechomekwa. Asubuhi haiwaki. Na humo ndani kuna oda za wiki nzima, nani kalipa nusu, nani anadaiwa, na picha zote za bidhaa.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: RAM ikiungua, utanunua nyingine. Orodha ya wateja na daftari la madeni haviuzwi dukani. Ndiyo maana kazi hii ina mpangilio wake: kwanza okoa kilichomo, pili toa umeme wote, tatu fanya kazi bila kutumia nguvu. Ukibadilisha mpangilio huo ndipo hasara inapoanza. Twende hatua kwa hatua.

1. HAMISHA DUKA KWANZA

Hata kama unaongeza RAM tu na diski huigusi, toa nakala ya kila kitu cha biashara. Oda, ankara, picha, video, orodha ya wateja, logo, mafaili ya matangazo. Weka kwenye diski ya nje au flashi, na yale muhimu zaidi yapandishe pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukishanakili, fungua mafaili matatu manne kutoka kwenye ile nakala uone kama yanafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa siri, na ukibadilisha kitu ndani, zinaweza kukuuliza ufunguo wa namba 48 kabla ya kukuruhusu uingie. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia kuwasha mashine siku ya kwanza. Ingia kwenye akaunti hiyo, utafute, uuandike kwenye karatasi. Kama mashine ulinunua mtumba na akaunti ni ya mwenye nayo wa zamani, lishughulikie hilo kabla hujafungua skrubu hata moja.

Na kama unabadilisha diski, ile ya zamani usiifute haraka. Iweke kwenye bahasha, andika tarehe, ikae mwezi mmoja pembeni. Ukigundua wiki ya tatu kwamba folda ya risiti haikuhama, bado ipo.

2. NUNUA KINACHOINGIA KWENYE MASHINE YAKO

Uharibifu mwingine unaanzia dukani. Umeuziwa RAM isiyo yake, umefika nyumbani haiingii, unaisukuma, sloti inavunjika. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262, na kila moja ina pengo lake sehemu tofauti. Haziingiliani, na hakuna namna ya kuzilazimisha.

Kujua unayotumia ni rahisi. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Utaona kasi ya RAM, na mara nyingi utaona sloti ngapi zipo na ngapi zimetumika. Angalia pia namba ya modeli chini ya laptopu na uitafute mtandaoni. Modeli nyingine hazina sloti kabisa, RAM imechomelewa kwenye bodi. MacBook Air zote ziko hivyo. Hapo usihangaike kufungua, hutakuta pa kuchomeka.

SSD nazo zina maumbo. Kuna ile bapa ya inchi 2.5 inayokaa mahali pa diski ya zamani. Kuna ile nyembamba kama ubao wa bazoka, inaitwa M.2. Yenye namba 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Angalizo: M.2 za SATA na za NVMe zinafanana sana kwa macho, lakini mashine nyingine hupokea aina moja tu. Mwambie muuzaji modeli ya laptopu yako, na mkubaliane kwa maandishi kwamba isipoingia atabadilisha.

3. ANDAA MEZA, SIYO KITANDA

Meza tupu, kavu, yenye mwanga. Siyo kitandani, siyo kwenye zulia, siyo kwenye kochi. Blanketi na zulia vinatengeneza umeme tuli na vinameza skrubu. Chai iwe chumba kingine. Watoto wawe wamelala. Chagua muda ambao huna oda ya kufunga. Jumapili mchana, mwanga ukiwepo, ni bora kuliko saa tano usiku.

Kama uko Dar, Tanga au Mombasa na joto ni lile lile tunalolijua, weka kitambaa cha kujifutia jasho karibu. Tone la jasho likidondokea kwenye bodi lina maji na chumvi, na vyote viwili havitakiwi pale. Ila feni usielekeze mezani, itapeperusha skrubu na vumbi.

Vifaa: bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Kwa laptopu nyingi ni zile ndogo, PH0 au PH00. Bisibisi kubwa au iliyochakaa inatafuna kichwa, na skrubu iliyotafunwa ndiyo inayokupeleka kwa fundi. Tafuta pia kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake, kwa ajili ya kuachanisha mfuniko. Kisu kiache jikoni.

4. TOA UMEME, WOTE

Kuzima tu hakutoshi. Windows 10 na 11 zina tabia ya kutozima kabisa ukibonyeza Shut down, ili kesho yake ziwake haraka. Shikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza Shut down, hapo itazima kweli. Kisha:

- Chomoa chaja. Chomoa flashi, mausi, kila kinachoning'inia.
- Kama betri ni ya kutoa kwa nje, itoe.
- Kama betri iko ndani, kitu cha kwanza kufanya ukishafungua mfuniko ni kuchomoa plagi yake kwenye bodi. Hujagusa RAM, hujagusa diski, betri kwanza.
- Betri ikishatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 15, umeme uliobaki uishe.

Hatua ya betri ndiyo watu wanairuka zaidi, maana mashine imezima na skrini ni nyeusi, mtu anaona mambo yamekwisha. Lakini betri inaendelea kupeleka umeme kwenye bodi hata mashine ikiwa imezimwa. Skrubu moja ikidondoka ikagusa sehemu mbili zisizotakiwa, bodi imekwenda.

Kuchomoa plagi ya betri nako kuna adabu yake. Iangalie kwanza: nyingine inavutwa kwa ubavu, nyingine inanyanyuliwa juu. Shika plagi yenyewe, siyo waya. Na ukikuta betri imevimba kama andazi, simama hapohapo. Usiibonyeze, usiitoboe, usiing'oe kwa nguvu. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto. Hiyo mpelekee fundi.

5. UMEME WA MWILINI MWAKO

Umewahi kuvua sweta gizani ukasikia "ta ta ta"? Huo ndio umeme tuli. Mtu huanza kuuhisi mshtuko wake ukifika kama volti 3,000, lakini baadhi ya chipu zinaumia hata chini ya volti 100. Maana yake unaweza kuiharibu RAM na usihisi kitu chochote. Na mara nyingine haifi papo hapo. Inafanya kazi wiki mbili, halafu mashine inaanza kuganda bila sababu, na wewe unamlaumu muuzaji.

Hatari ni kubwa zaidi hewa ikiwa kavu. Watu wa Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, na yeyote anayefanya kazi kwenye chumba chenye AC muda wote, wachukue tahadhari zaidi. Watu wa pwani unyevu unawasaidia kidogo, lakini usiutegemee.

Kinga yake haina gharama:

- Vaa nguo ya pamba. Kanga au fulana ni sawa, jezi ya mpira na sweta la nailoni hapana.
- Kabla hujashika kifaa, gusa chuma kisichopakwa rangi, kwa mfano fremu ya chuma ya mashine yenyewe. Rudia kila ukitoka kwenye kiti na kurudi.
- RAM na SSD zikae kwenye mifuko yake ya kijivu inayong'aa mpaka dakika ya kuchomeka.
- Shika ubavuni tu. Yale meno ya rangi ya dhahabu usiyaguse, mafuta ya vidole hayafai pale.

Ukipata mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, ununue. Lakini mkanda usiounganishwa kwenye chuma ni bangili tu.

6. KUFUNGUA: SKRUBU ZINA URAFIKI NA MATUNDU YAKE

Skrubu za laptopu hazilingani urefu. Ukiweka ndefu kwenye tundu fupi, inatokeza upande wa pili na inaweza kutoboa bodi au kusukuma kibodi kwa chini. Chora umbo la mfuniko kwenye karatasi, na kila skrubu unayotoa ibandike kwa selotepu mahali pake kwenye mchoro. Piga pia picha kwa simu kila hatua. Hiyo ndiyo ramani yako ya kurudi.

Mfuniko ukigoma kutoka, sababu karibu kila mara ni skrubu ambayo hujaiona. Angalia chini ya vimiguu vya mpira, chini ya stika, na kama kuna sehemu ya DVD, inaweza kutakiwa itoke kwanza. Zikishatoka zote, pitisha kadi ya plastiki taratibu kwenye ukingo. Vibanio vitaachia kimoja kimoja. Usinyanyue mfuniko wote kwa mkupuo, kwa sababu modeli nyingine zina waya bapa, mwembamba kama utepe, unaounganisha mfuniko na bodi. Nyanyua kidogo, chungulia, ndipo uendelee.

Waya hizo bapa zina kibanio kidogo cha kuinua au kusogeza. Achia kibanio kwanza, waya utatoka wenyewe. Ukivuta bila kuachia, utachana waya au kung'oa kibanio, na hapo umepoteza kibodi au padi ya mausi kwa sababu ya sekunde mbili.

7. KUCHOMEKA: IKIKATAA, INA SABABU

RAM ya laptopu inaingia kwa mshazari, kama nyuzi 30 hivi. Linganisha pengo lake na kile kijino cha kwenye sloti. Isukume mpaka meno ya dhahabu yaishie ndani, halafu ilaze chini. Vibanio vya pembeni vitajifunga, utasikia "tak". SSD ya M.2 nayo inaingia kwa mshazari, unailaza, unafunga skrubu yake moja. Ile ya inchi 2.5 unaitelezesha kwa usawa mpaka iingie kwenye plagi yake.

Shinikizo dogo la vidole linatosha kwa laptopu. Ikikataa, usiongeze nguvu. Toa, angalia tena. Aidha umeigeuza, aidha siyo ya mashine hiyo, aidha kuna uchafu ndani ya sloti. Hakuna sababu ya nne inayotibiwa kwa kukandamiza.

Skrubu nazo usizikaze mpaka mwisho wa nguvu zako. Ikigota, imetosha. Zile tundu nyingi zimeshikwa na plastiki.

8. WASHA KABLA YA KUSHEREHEKEA

Rudisha plagi ya betri, weka mfuniko, funga skrubu mbili tatu tu, washa. Ikiwa nyeusi au inapiga milio, usipaniki. Mara nyingi RAM haijakaa vizuri. Zima, toa umeme tena kama mwanzo, chomoa, chomeka upya. Bado? Rudisha ya zamani. Mashine ikiwaka na ya zamani, basi kosa liko kwenye kifaa kipya au hakiendani, na mashine yako iko salama.

Ndiyo maana tunasema badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka RAM, jaribu. Kisha weka SSD, jaribu. Ukiweka vyote kwa pamoja na ikagoma, hutajua nani mkosaji.

Ikiwaka, angalia kama kiasi chote cha RAM kinaonekana. Kisha andika "mdsched" kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, endesha kile kipimo cha RAM usiku kucha kama una nafasi. Kosa likitokea, rudisha kifaa dukani mapema, usisubiri.

9. KAMA NI KOMPYUTA YA MEZANI

Zima swichi ya nyuma na uchomoe waya wa umeme kabla ya kufungua kasha. RAM yake ni ndefu zaidi na inaingia wima. Kandamiza pande zote mbili sawasawa mpaka vibanio vijifunge. Bodi ikiwa haina kitu chini, ishikilie isipinde.

Halafu angalia nyuma ya pawa saplai. Za zamani nyingi zina kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Marekani wanatumia volti 120. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani ikiwa bado iko kwenye 115 na ukaichomeka hapa, itapiga "paa!" na moshi juu. Kiweke kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Na kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa kumdhuru mtu.

10. LINI UMPELEKEE FUNDI

Betri imevimba. Skrubu imetafunwa. Modeli yako inataka bodi yote itoke ndiyo uifikie RAM. Mashine iliwahi kumwagikiwa maji. Au kesho asubuhi una oda ishirini za kutuma. Kwenye hali hizo, hela ya fundi ni ndogo kuliko hasara. Ila hata ukienda kwa fundi, hatua ya kwanza haibadiliki: nakala kwanza. Na diski yako ya zamani uondoke nayo. Ina majina, namba na anuani za wateja wako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na kabla ya sheria kuna uaminifu. Mteja alikupa namba yake ununue naye biashara, hakumpa mtu mwingine.

NA KAMA WEWE NDIYE UNAUZA RAM NA SSD

Hapa kuna hela inayopotea kimya kimya. Unatuma kifaa kizima mkoani kwa basi, mteja anakiunguza kwenye kuweka, halafu anakuandika vibaya kwenye ukurasa wako. Punguza hilo kwa mambo matatu. Kwanza, omba modeli ya mashine kabla hujapokea malipo. Pili, funga kifaa kwenye mfuko wa kijivu wa kuzuia umeme tuli ndipo uweke plastiki ya mapovu juu. Nailoni ya kawaida peke yake inatengeneza umeme tuli. Tatu, piga picha ya kifaa na namba yake ya siri ya kiwandani kabla ya kutuma, kisha mtumie mteja ujumbe huu. Nakili tu:

"Habari ndugu mteja, mzigo wako umetoka. Kabla ya kuweka: 1) Hifadhi nakala ya mafaili yako. 2) Zima kabisa, chomoa chaja, na ukifungua chomoa betri kwanza. 3) Gusa chuma kabla ya kushika kifaa, usiguse meno ya dhahabu. 4) Kikigoma kuingia usilazimishe, nipigie picha ya sloti nikusaidie. Karibu tena."

Ujumbe huo unatumwa kwa sekunde tano. Mteja atakayekupigia akiwa amekwama, badala ya kulazimisha, ni kifaa kimoja ambacho hakitarudi kwako kimekufa.

Umewahi kuongeza RAM au kuweka SSD mwenyewe? Kitu gani kilikusumbua zaidi? Tuandikie hapo chini, na utaje modeli ya mashine ili mwenzako mwenye kama hiyo ajue. Hifadhi hii, na umtumie yule muuzaji mwenzako ambaye laptopu yake inaanza kulia feni.